Kileo cha Kahawa na Neno Linalomficha Mlaji Alacho

Maneno mengi ya kigeni yaliyoingia katika mapishi yetu hayamdhuru mtu. Anayeagiza pizza bila kuijua atapata, kwa ubaya kabisa, chakula asichokipenda. Lakini liko neno moja ambalo nashikilia kwamba halipaswi kuachwa bila Kiswahili, si katika orodha ya vinywaji wala katika orodha ya vitindamlo. Ni lile ambalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wakaendelea kuliandika liqueur, na ambalo vijana wetu wa hotelini hulitamka likyua, na pengine lika.

Miaka michache iliyopita tulimwandalia mwalimu mwenzetu hafla ya kumuaga katika hoteli moja mjini. Baada ya chakula kililetwa kitindamlo cha kahawa, kile cha Kiitaliano kiitwacho tiramisu. Jirani yangu mezani, mwalimu mstaafu aliyefundisha maarifa ya dini ya Kiislamu kwa miaka mingi, alionja vijiko viwili, akasita, akamwita mhudumu. "Mwanangu, humu mna pombe?" Kijana akajibu kwa adabu zote: "Hapana, mzee wangu, hamna pombe. Mna likyua ya kahawa kidogo tu." Mzee akaweka kijiko chini, akaomba maji, wala hakusema neno jingine juu ya jambo lile hadi tulipoagana.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na kila mara nafikia uamuzi uleule: kijana hakusema uongo. Katika Kiswahili chake, pombe ni ile iliyomo katika chupa ya bia, au katika viroba vilivyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, au katika ndoo ya mbege. Likyua ni kitu kingine, kitu cha jikoni, jamaa wa vanila na maziwa. Alifundishwa neno bila kufundishwa maana yake, akalipokea kama lilivyo, akampa mgeni kama lilivyo. Bia ya kawaida huwa na alkoholi kiasi cha asilimia 5. Vileo vya aina ya likyua huwa, aghalabu, kati ya asilimia 15 na 30. Yaani kitu alichokiondoa katika pombe kina nguvu mara tatu hadi sita ya kile anachokiita pombe.

Neno lenyewe halina fumbo. Asili yake ni Kilatini, na maana ya awali ni kioevu tu. Kwa matumizi ya leo ni pombe kali iliyotiwa ladha ya tunda, mbegu, ua au kiungo, ikatiwa na sukari nyingi. Ya kahawa inayojulikana zaidi duniani ni Kahlúa, iliyoanza kutengenezwa katika jimbo la Veracruz nchini Meksiko mwaka 1936. Hiyo, pamoja na jamaa zake, ndiyo inayotiwa katika vitindamlo vya kahawa na katika vinywaji vya kuchanganya ambavyo siku hizi vijana wanajifunza kuvitengeneza nyumbani, wakiangalia video za Kiingereza na kuzieleza kwa Kiswahili cha kubahatisha.

Basi tuiiteje? Wapo watakaosema tuunde neno jipya, na wapo watakaotaka tuandike likyua kwa tahajia yetu tukamaliza kazi. Mimi nasema neno tunalo, nalo ni kileo. Kileo kimezaliwa na kitenzi kulewa. Hakielezi kinywaji kimetengenezwaje, kimetoka wapi, wala kimetiwa sukari ngapi; kinaeleza kinachomfanyia mnywaji. Wafasiri wa Biblia waliliona hilo zamani, wakatenganisha divai na kileo, la kwanza likiwa jina la kinywaji cha zabibu na la pili likikusanya kila kilevi kilichobaki. Ukisema "kileo cha kahawa", hakuna mhudumu atakayeweza kumwambia mgeni kwamba hamna pombe ndani yake. Ukitaka kukitofautisha na pombe kali isiyo na sukari, sema kileo kitamu cha kahawa. Ni maneno manne, lakini yanaeleweka Bukoba, Lamu na Bujumbura bila kamusi.

Mvinyo silipendekezi, ingawa najua wapo wazee walioliita hivyo kila kinywaji cha Kizungu kichomacho koo. Mvinyo ulitoka kwa Wareno, divai ikatoka kwa Wafaransa, na yote mawili kwa asili ni jambo moja: zabibu. Leo mtu wa Dodoma akisema mvinyo anajua anasema nini, na tusimharibie.

Lakini neno ninalolipinga kwa nguvu zangu zote ni spiriti. Hapa sizungumzii ufasaha tena. Katika Kiswahili cha kila siku, spiriti ni ile ya kusafishia vidonda au ya kuwashia jiko. Ni kitu cha duka la dawa na cha duka la vifaa. Nimesoma maelezo ya kutengeneza kileo cha kahawa nyumbani, yaliyofasiriwa ama na mtu mwenye haraka ama na mashine, yakimwagiza msomaji "aloweke kahawa katika spiriti kwa siku mbili". Mwandishi wa awali alikusudia vodka au ramu. Msomaji wetu atakayetii maelezo hayo neno kwa neno anaweza kuchukua chupa yenye methanoli. Methanoli hupofusha macho, na huua. Mwaka 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa nayo, na misiba ya namna hiyo imejirudia Kenya na kwingineko. Watu wale hawakuuawa na tafsiri mbovu, waliuawa na tamaa ya wauzaji. Lakini hatari ni ileile, na mfasiri asiyejali anaweza kuipeleka jikoni mwa mtu asiye na nia mbaya wala kiu ya gongo. Mahali pa spiriti tuandike pombe kali, kama sheria na lebo za chupa zinavyoandika, kisha tutaje jina la chupa yenyewe: vodka, ramu, Konyagi. Na tuongeze, bila kuona haya kurudia, kwamba iwe ya dukani, iliyofungwa, yenye stempu.

Kokteli nalo lina mtego wake. Wengi wangependa kulifasiri kwa neno mseto, na kwa sikio la mshairi ni zuri. Lakini mseto tayari ni chakula cha mchele na choroko, na madaktari wamelichukua kwa dawa mseto za malaria. Kokteli lenyewe limekwisha kukaa mitaani kwetu, ila halikukaa pale lilipokusudiwa. Nenda katika kibanda chochote cha juisi, Dar es Salaam au Mombasa, uagize kokteli: utapewa embe, parachichi na pasheni katika bilauri moja, na mtoto wa miaka mitano atainywa. Kwa hiyo kokteli katika orodha ya hoteli halimwambii msomaji kama anywe au amnyweshe mjukuu. Mimi ningeandika kokteli ya kileo na kokteli ya matunda, kila moja kwa jina lake kamili.

Majina yakishapatikana, kazi iliyobaki ni vitenzi, na hapa ndipo Kiswahili kinaponipa furaha. Walimu wa lugha tumezoea kuwasikia watu wakisema kwamba mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili. Nimejaribu, nayo yanaelezeka kuliko yanavyoelezeka kwa Kiingereza chetu.

Kwanza, tunavyo vitenzi vitatu ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kuchachua ni kuiacha sukari ya tunda au nafaka igeuke pombe kwa kazi ya hamira: ndivyo inavyopatikana mbege ya ndizi na ulezi kule Kilimanjaro, rubisi kule Kagera, ulanzi kule Iringa, na ndivyo mnazi unavyopanda ukali kuanzia asubuhi hadi jioni. Kukeneka, au kama wengine wanavyosema, kutonesha, ni kuchemsha kilichochachuka na kuukusanya mvuke wake ukiwa umepoa kuwa kioevu: hapo ndipo gongo na chang'aa hutokea, na Lubumbashi huiita lutuku. Kukeneka nyumbani bila leseni ni kosa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 inayolikataza jambo hilo inaiita pombe hiyo moshi, jina ambalo kwa maoni yangu lina ushairi zaidi ya sheria. Kitenzi cha tatu ni kuloweka, nacho ndicho cha kileo cha kahawa. Hatuchachui kitu, hatukeneki kitu. Tunachukua pombe kali iliyokwisha kutengenezwa na wenye leseni, tunaloweka ndani yake buni zilizokaangwa, basi. Anayewaambia vijana kwamba "anapika pombe ya kahawa" amekosea kitenzi, na polisi wakimsikia hatakuwa na wa kumlaumu.

Buni, si kahawa. Hili nalo tulikumbuke. Kahawa ni kinywaji, pia ni mmea na biashara yake. Punje yenyewe ni buni. Wauza kahawa wa pwani hawajaipoteza tofauti hii: watakwambia wamekaanga buni, wametwanga, wamechemsha kahawa. Kwa kuloweka, buni zisisagwe zikawa unga. Zitwangwe kidogo katika kinu hadi zipasuke vipande viwili vitatu, kwa maana unga hutoa uchungu upesi mno na hautachujika hata kwa kitambaa cha Ijumaa Kuu. Gramu 60 za buni hizo zinatosha nusu lita ya pombe kali. Zikae katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali penye giza, kwa muda wa siku moja au mbili. Ukionja siku ya kwanza na ya pili utajua mwenyewe mahali pa kusimama. Baada ya hapo unachuja kwa chujio la chai, unaacha kituame, kisha unakimimina polepole ili mashapo yabaki chini. Kutuama na mashapo: nipe lugha nyingine yenye maneno mafupi hivyo kwa jambo hilo.

Kisha shira. Sijui ni kwa nini vijana wa mabaa wanasema sirapu ilhali mama zao wamechemsha shira ya kaimati na visheti tangu wazaliwe. Robo kilo ya sukari katika robo lita ya maji, ichemke hadi iwe angavu, ipoe kabisa kabla ya kukutana na kileo. Vanila ikiwepo, kidogo. Na hapa tunakutana na neno arki, ambalo wapishi wa Unguja wanalitumia kwa manukato ya vyakula. Arki ni ndugu wa araki, na asili ya yote ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa sababu kinachokenekwa hudondoka kama jasho. Mlaji mwenye kujihadhari ajue jambo moja zaidi: arki halisi ya vanila hupatikana kwa kuloweka maganda ya vanila katika alkoholi, na sheria za Marekani zinaitaka isipungue asilimia 35. Mzee wetu wa tiramisu angependa kulijua hilo, na anayo haki ya kulisoma kwa Kiswahili juu ya chupa.

Hesabu yake si ngumu, na mwalimu haachi kuikokotoa. Konyagi ni ya asilimia 35, kwa hiyo nusu lita ina mililita 175 za alkoholi. Buni zitafyonza kama mililita 100 za kioevu, ambazo hazitarudi. Zinabaki mililita 400 zenye alkoholi 140. Shira yetu ni kama mililita 400. Jumla ni 800, na 140 katika 800 ni asilimia 17 na nusu. Mtu akikaribishwa glasi ya bia iliyojaa kileo hiki kwa kuwa "ni kitamu tu", amenyweshwa zaidi ya bia tatu. Utamu ndio unaodanganya.

Kuhusu kokteli zenyewe sitachukua nafasi kubwa. Ile inayosifiwa sana sasa, ya vodka, kileo cha kahawa na espreso mbichi ya moto, ilibuniwa London katika miaka ya 1980 na mchanganyaji aitwaye Dick Bradsell. Uzuri wake uko katika povu, na povu halipatikani kwa kukoroga. Linapatikana kwa kusukasuka pamoja na barafu, kwa nguvu, kama maziwa yanavyosukwasukwa katika kibuyu. Asiye na mashine ya espreso achemshe kahawa nzito ya mdila, isiyo na tangawizi. Ile ya vodka, kileo cha kahawa na malai haisukwisukwi, hukorogwa tu, au malai humiminwa juu taratibu yakaachwa yashuke yenyewe. Na kahawa ya Kiayalandi, iliyoanza Foynes mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wasafiri wa ndege waliopigwa na baridi, ni wiski na sukari katika kahawa ya moto, na malai yanayoelea juu. Anayeacha sukari ataona malai yakizama. Kukoroga, kutikisa, kusukasuka, kumimina, kuelea, kuzama: vyote ni vitenzi ambavyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anavijua.

Wapo watakaoniuliza kwa nini mwalimu mstaafu anajishughulisha na vileo, tena katika uwanja wa mashairi, na tena katika lugha iliyolelewa na watu ambao wengi wao hawanywi. Swali ni la haki. Jibu langu la kwanza ni kwamba asiyekunywa anayahitaji maneno haya kuliko anayekunywa. Mnywaji akikosea, anakunywa kitu kingine. Asiyekunywa akikosea, amevunja nadhiri yake na Mola wake bila kujua. Mganga anayahitaji anapomuuliza mgonjwa amekunywa nini. Hakimu anayahitaji. Mama anayesoma lebo ya keki ya mwanawe anayahitaji.

Jibu la pili ni la lugha yenyewe. Kahawa ni qahwa ya Kiarabu, na kabla neno hilo halijawa jina la kinywaji cha buni, washairi wa Kiarabu walilitumia kwa divai. Mmoja wa waliolitumia hivyo ni Abunuwasi. Ndiye huyuhuyu ambaye sisi tunamjua katika hekaya kwa hila na vichekesho. Katika historia alikuwa mshairi wa karne ya 8 na mwanzo wa ya 9, tena mashuhuri kwa mashairi ya mvinyo. Karne nyingi baadaye masufi wa Yemeni walipoanza kunywa maji ya buni ili wakeshe katika dhikri, jina la kale lilihamia kwenye kinywaji kipya, na mwaka 1511 wakuu wa Makka waliipiga kahawa marufuku kwa muda, hoja mojawapo ikiwa kwamba inalevya. Kwa hiyo ubishi wa mzee na mhudumu juu ya kijiko cha tiramisu una miaka zaidi ya mia tano. Wenzetu wa zamani waliubishana kwa maneno ya wazi, kila mmoja akijua anachokikataza na anachokitetea.

Wengine watasema tuliache jambo hili mikononi mwa mabaraza ya Kiswahili. Nayaheshimu. Lakini istilahi ikishatolewa Dodoma au Nairobi haitembei yenyewe hadi kwenye sinia la mhudumu. Inabebwa na anayefundisha upishi, anayechapa orodha ya hoteli, anayeweka maelezo chini ya video. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaendesha mgahawa, aliniomba majuzi nimpitishie orodha yake. Mahali palipoandikwa "keki ya kahawa na likyua" nilimwandikia "keki ya kahawa yenye kileo". Aliniuliza kama haitawafukuza wateja. Nikamjibu kwamba wachache wataiacha, na hao ndio hasa wanaostahili kuambiwa. Ameichapa hivyo.

Lipo neno moja bado ninalolitafuta, nami nawaomba wasomaji wanisaidie. Buni zilizokwisha kulowekwa na kuchujwa, zikabaki laini, nyeusi, zimelewa zenyewe, zinaitwaje? Machicha ni ya nazi, makapi ni ya nafaka, na mashapo ni yale yaliyotuama. Kama Pemba, Lamu, Kagera au Katanga kuna jina lake, liandikeni hapa chini, pamoja na mahali mlipolisikia.